Usipime dawa kwa hisia: Imani potovu zinazoweza kukugharimu maisha

Msomaji, fungua leo droo au kabati unamoweka dawa nyumbani kwako utazame. Huenda ukapata nusu pakiti ya tembe za maumivu ya kichwa, chupa ya dawa ya kikohozi iliyobakia robo, na vidonge vitano au sita vya rangi mbili vilivyosalia tangu mtu fulani wa nyumba hiyo alipougua mwaka jana. Hakuna anayekumbuka vilikuwa vya ugonjwa gani. Hata hivyo havitupwi, kwa maana “huenda vikahitajika”.

Dawa hizi twaziita za kawaida kwa sababu tumezizoea. Lakini kuzoeana si kujuana. Baadhi ya wagonjwa wanaotufikia sisi madaktari wakiwa wamezidiwa hawakukosa dawa. Walikuwa nazo, wakazitumia jinsi walivyojisikia. Walipojisikia vibaya waliongeza, walipopata nafuu waliacha. Takriban makosa yote nitakayoeleza hapa yanatokana na jambo hilo moja: kufanya hisia kuwa kipimo cha dawa.

Tembe za kichwa

Tuanze na paracetamol, ambayo wengi huijua kwa jina la Panadol. Ni dawa nzuri, na ukiitumia ipasavyo haina madhara makubwa. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba haiwezi kumdhuru mtu hata akiimeza kwa wingi. Dhana hiyo ni ya hatari.

Tembe moja ya kawaida huwa na miligramu 500. Mtu mzima anaweza kumeza moja au mbili kwa wakati mmoja, kisha angoje angalau saa nne kabla ya kumeza tena. Kwa saa 24 asizidishe tembe nane, yaani gramu nne. Zaidi ya hapo ini huanza kushindwa kuisafisha dawa hiyo mwilini. Anayekunywa pombe nyingi au aliyedhoofika kwa kukosa chakula anaweza kudhurika kwa kiasi kidogo zaidi, kwa hivyo heri amuulize daktari kwanza.

Hisia hudanganya sana hapa. Aliyezidisha paracetamol huenda siku ya kwanza asihisi lolote ila kichefuchefu kidogo. Huenda hata akaamka siku ya pili akijiona mzima, ilhali ini linaendelea kuharibika. Macho huja kugeuka manjano baadaye, wakati matibabu yamekuwa magumu. Kuna dawa ya kuzuia madhara hayo, lakini hufanya kazi vyema zaidi ikitolewa katika saa nane za kwanza. Basi, endapo mtu amezidisha, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje augue.

Watu wengi hawazidishi kwa kukusudia. Mtu humeza tembe mbili za kichwa, kisha hunywa dawa ya mafua, na jioni humeza nyingine ya maumivu ya mwili. Majina ni matatu na rangi ni tatu, kumbe zote zina paracetamol ndani. Soma maandishi madogo kwenye pakiti. Ukiona neno hilo mara mbili, chagua moja.

Mgongo na magoti

Kuna tembe nyingine za maumivu ambazo hununuliwa kama peremende: ibuprofen, diclofenac na aspirini. Mzee mwenye maumivu ya magoti humeza diclofenac kila siku kwa miezi, kwa kuwa inamwezesha kutembea. Asichokijua ni kwamba dawa za kundi hili huweza kuchubua tumbo hadi likavuja damu, hudhuru figo, na huweza kupandisha shinikizo la damu. Kwa hivyo mzee huyo anaweza kuwa anameza dawa moja ya kuteremsha shinikizo na nyingine ya kulipandisha, zote kwa glasi moja ya maji.

Ikiwa una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu au mimba, usinunue dawa hizi bila kumuuliza daktari au mfamasia. Ukizitumia, zitumie baada ya chakula na kwa siku chache iwezekanavyo. Ukiona choo cheusi kama lami, hiyo ni dalili ya damu tumboni. Nenda hospitali bila kukawia. Naye mtoto aliye chini ya miaka 16 asipewe aspirini kwa homa au mafua, ila daktari awe ameagiza kwa sababu maalumu, kwa maana huweza kumletea ugonjwa adimu lakini hatari unaoshambulia ini na ubongo.

Vidonge vya rangi mbili

Sasa natufikie antibiotiki, dawa za kupigana na bakteria. Mafua na kikohozi cha kawaida husababishwa na virusi, na antibiotiki haina uwezo wowote juu ya virusi. Mgonjwa hununua vidonge vya shilingi chache, anameza siku mbili tatu, mafua yanaisha, naye anasifu dawa. Mafua hayo yangeisha yenyewe. Kilichobaki ni bakteria wa mwilini mwake ambao wamejifunza kuihepa dawa ile.

Vivyo hivyo kwa mtoto anayeharisha. Mara nyingi kinachomdhuru ni kupungukiwa na maji na chumvi mwilini. Anachohitaji kwanza ni chumvi za kuongeza maji mwilini, zile za pakiti, zilizokorogwa katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye pakiti, pamoja na tembe za zinki kwa siku 10 hadi 14. Anyonyeshwe na kulishwa kama kawaida. Akitoa choo chenye damu, akilegea, akishindwa kunywa au akitapika kila kitu, huyo ni wa hospitali.

Kuna pia desturi ya kupasua kidonge na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda. Unga huo haukutengenezwa kwa ajili ya ngozi. Huweza kuleta mzio, huganda juu ya kidonda ukaficha usaha chini yake, na huwapa bakteria nafasi ya kuizoea dawa. Kidonda huoshwa kwa maji safi na sabuni, kisha hufunikwa kwa kitambaa safi.

Onyo kuhusu bakteria kuzoea dawa si jipya. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilitoa mwenyewe mwaka 1945 alipokuwa akipokea Tuzo ya Nobel. Alieleza kwamba mtu atakayetumia dawa hiyo kwa kiasi kidogo mno ataifundisha bakteria kuistahimili. Basi meza kama ulivyoandikiwa, kwa siku ulizoambiwa. Siku hizi maradhi kadhaa hutibiwa kwa siku chache kuliko zamani, lakini uamuzi huo ni wa aliyekupima.

“Nimepata nafuu, naacha”

Malaria imetufunza somo hili kwa gharama kubwa. Kwa miaka mingi klorokwini ndiyo iliyokuwa dawa ya malaria nchini. Vimelea viliizoea, na mwaka 1998 Kenya ikaiacha kama dawa ya kwanza, ikachukua dawa ya kundi la salfa. Hiyo nayo haikudumu. Mwaka 2004 uamuzi ulifanywa wa kuhamia mchanganyiko wa artemether na lumefantrine, ambao ndio umetumika tangu hapo. Mnamo mwaka 2020 na 2021 watafiti walitoa taarifa za vimelea vilivyoanza kustahimili artemisinini, kundi la artemether, huko Rwanda na Uganda. Majirani wetu si mbali, nao mbu hawana pasipoti.

Dozi ya mtu mzima ni tembe 24: nne kila mara, mara sita kwa siku tatu. Ya pili humezwa saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Imeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, kwa sababu mafuta huisaidia kuingia mwilini. Wengi hupata nafuu siku ya pili, wakaweka zilizobaki “za siku nyingine” au wakampa ndugu. Hivyo hawajapona sawasawa, na huyo ndugu naye hapati dozi inayotosha.

Tena usimeze dawa ya malaria kwa kuwa tu mwili una joto. Mtu aliyerudi Nairobi kutoka Siaya au Kilifi baada ya Krismasi ana haki ya kushuku malaria, lakini apimwe damu kwanza. Joto hilo laweza kuwa la nimonia au la maambukizi ya njia ya mkojo, na kila siku inayopotea kwa dawa isiyohusika huupa ugonjwa nguvu.

Kosa la kuacha dawa ni baya zaidi kwa wenye shinikizo la damu. Ugonjwa huu mara nyingi hauna maumivu. Mgonjwa hupimwa, huambiwa shinikizo limeshuka, naye huona amepona au huogopa “kuzoea dawa”. Shinikizo limeshuka kwa sababu dawa inafanya kazi. Dawa hizi hazimfanyi mtu kuwa mtumwa wake kama pombe au sigara. Ukiziacha, shinikizo hupanda tena, na kwa baadhi yazo hupanda ghafla. Dalili ya kwanza utakayoihisi huenda ikawa kiharusi. Kama dawa inakusumbua kwa kikohozi, kuvimba miguu au kizunguzungu, rudi kwa daktari akubadilishie. Usikae kimya ukaiacha.

Sindano na bei

Wagonjwa wengi hawaridhiki mpaka wadungwe sindano. Huamini kwamba kinachouma zaidi ndicho kinachoponya zaidi. Kwa maradhi mengi ya kawaida tembe iliyomezwa huingia katika damu na kufanya kazi ile ile. Sindano ina nafasi yake: mgonjwa anapotapika kila kitu, anapopoteza fahamu, au anapozidiwa. Ikidungwa vibaya, huweza kuleta jipu au kudhuru mshipa wa fahamu makalioni na kumwacha mtu akichechemea.

Vivyo hivyo kuhusu bei. Dawa moja huweza kuuzwa kwa majina kadhaa ya biashara, moja kwa shilingi nyingi na nyingine kwa shilingi chache. La kutazama ni jina la kiungo, kiasi chake kwa miligramu, tarehe ya mwisho ya kutumika, na iwapo duka lenyewe lina leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu. Mtu anayenunua dozi kamili ya dawa ya bei nafuu atafaidika kuliko anayenunua nusu dozi ya dawa ghali.

Maziwa, chai na kijiko

Wapo wanaomeza kila dawa kwa maziwa ili “kupunguza ukali”. Nimesema maziwa hufaa kwa dawa ya malaria. Lakini kwa antibiotiki kama tetracycline na ciprofloxacin, maziwa huikamata dawa tumboni ikashindwa kuingia katika damu. Chai nayo hufanya hivyo kwa tembe za madini ya chuma wanazopewa akina mama wajawazito. Mama humeza tembe yake asubuhi kwa kikombe cha chai, halafu hushangaa kliniki kuambiwa damu bado ni kidogo. Maji safi ndiyo kinywaji kinachofaa dawa karibu zote. Chai ingoje saa moja au mbili.

Kuhusu watoto, kijiko cha dawa ni mililita tano. Vijiko vya jikoni havilingani, kwa hivyo tumia kipimo kilichokuja na chupa au bomba la sindano lisilo na shindano. Usibadilishe chupa bila kusoma, kwa maana dawa ya maji ya paracetamol ya kampuni moja huweza kuwa na nguvu mara mbili ya nyingine. Dozi ya mtoto hufuata uzito wake. Mtoto si mtu mzima aliyekatwa nusu.

Mwisho, maneno “mara tatu kwa siku” kwa kawaida yana maana ya kugawa saa 24 katika sehemu tatu, si kumeza asubuhi, saa sita na saa tisa alasiri kwa kuwa ndipo ulipokumbuka. Ukisahau dozi moja, kwa dawa nyingi unaweza kuimeza ukumbukapo, ila kama wakati wa inayofuata umekaribia. Hapo endelea na hiyo. Usimeze mbili kwa pamoja kulipa deni.

Kabla hujaondoka kwenye kaunta

Anayekuuzia dawa ana wajibu wa kukueleza, nawe una haki ya kuuliza hata kama foleni nyuma yako ni ndefu. Uliza mambo haya: Dawa hii ni ya nini, na kiungo chake ni kipi? Nimeze ngapi, kila baada ya saa ngapi, kwa siku ngapi? Ni kabla au baada ya chakula? Inapatana na dawa nyingine ninazotumia, zikiwemo za mitishamba? Ni dalili gani ikitokea nirudi? Mwambie pia kama una mimba, unanyonyesha, au umewahi kudhurika na dawa yoyote, hasa penisilini.

Kisha urudi kwenye ile droo yako. Dawa usiyoijua jina wala sababu yake haifai kubaki humo. Ipeleke kwa mfamasia aliye karibu umuulize jinsi ya kuitupa, na zilizobaki ziweke pakavu, penye baridi, mahali mkono wa mtoto haufiki.