Hewa ya Ukaa Katika Chumba cha Mimea Kilichozibwa

Mwezi Januari 1993, daktari Roy Walford, aliyekuwa na umri wa miaka 68, alijikuta akitatizika kujumlisha safu ya tarakimu nyepesi. Alikuwa katika mwaka wa pili ndani ya Biosphere 2, jengo kubwa la vioo na chuma lililo karibu na mji mdogo wa Oracle, katika jimbo la Arizona nchini Marekani. Humo wanawake wanne na wanaume wanne walikuwa wamejifungia tangu Septemba 1991, pamoja na mimea, mbuzi, kuku na udongo mwingi. Kufikia Januari hiyo walikuwa wamechoka, wakipanda ngazi kwa kutweta, na baadhi yao walikatizwa usingizi na pumzi zilizosita usiku. Hewa waliyokuwa wakiivuta ilikuwa na oksijeni ya takribani asilimia 14 tu, ilhali hewa ya nje ina karibu asilimia 21. Kwa kuwa jengo lenyewe liko juu ya usawa wa bahari, hali yao ililingana na ya mpanda mlima aliyekwisha kuipita Horombo kwenye Kilimanjaro. Tofauti ni kwamba mpanda mlima hurudi chini baada ya siku chache.

Jengo hilo lilikuwa na eneo la zaidi ya hekta moja, nalo lilizibwa kwa ustadi mkubwa. Ndani yake mlikuwa na msitu wa mvua, mbuga, jangwa, bahari ndogo na shamba la chakula. Matumaini yalikuwa kwamba watu na wanyama watatoa hewa ya ukaa, mimea itaitumia katika usanisinuru na kurudisha oksijeni, na mzunguko huo utajitosheleza. Hesabu hiyo ilikuwa nzuri, ila haikuupa udongo uzito wake. Udongo wa shambani ulikuwa umerutubishwa sana kwa masalia ya mimea ili ulishe mazao kwa miaka mingi. Bakteria na kuvu walikuta karamu humo. Waliyala masalia hayo usiku na mchana, wakitumia oksijeni na kutoa hewa ya ukaa kwa kasi ambayo majani, hasa katika majira ya baridi yenye jua hafifu, hayakuweza kuifikia.

Wakazi wa jengo walipambana na hewa ya ukaa kila siku. Walipunguza joto la usiku ili vijidudu vya udongoni vipunguze kasi, wakakata nyasi na kuzihifadhi zikiwa kavu zisioze, na wakapanda mimea ikuayo haraka kila mahali penye mwanga. Mtambo wa kemikali pia ulitumika kuinyonya hewa hiyo. Hata hivyo kiwango chake kilipanda hadi maelfu ya sehemu kwa milioni, ilhali hewa ya nje wakati huo ilikuwa na sehemu 350 hivi.

Hapo ndipo palipokuwa na fumbo. Kama oksijeni iliyopotea, yaani asilimia 7 hivi ya hewa yote, ililiwa na vijidudu, basi hewa ya ukaa ilipaswa kuongezeka kwa kiasi kinachokaribia hicho, sawa na sehemu 70,000 kwa milioni. Kiwango hicho kingewaangusha wakazi wote muda mrefu kabla ya kukosa oksijeni. Jibu lilipatikana kwa uchunguzi wa Jeff Severinghaus na Wallace Broecker wa Chuo Kikuu cha Columbia: hewa ya ukaa iliyokosekana ilikuwa imeingia katika kuta. Zege jipya lina chokaa inayoungana na hewa ya ukaa na kuwa kalisi kaboneti, na zege la ndani ya jengo lilikuwa limeinyonya hewa hiyo kupita kiasi.

Kwa tabibu, jambo hili lina uzito wa pekee. Mwili wa mwanadamu una walinzi wawili wa pumzi. Wa kwanza yuko katika shina la ubongo, naye huhisi hewa ya ukaa kwa sababu inapozidi huiongezea damu na ugiligili wa ubongo asidi. Mlinzi huyu ni mkali: ongezeko dogo tu humfanya mtu apumue kwa nguvu, aumwe kichwa na kutaka kutoka nje. Wa pili, aliye katika mishipa ya shingo, huhisi upungufu wa oksijeni, lakini haamki sawasawa mpaka upungufu uwe mkubwa. Zege la Biosphere 2 liliwaokoa wakazi kutokana na sumu ya hewa ya ukaa, na papo hapo likamnyamazisha mlinzi aliye hodari zaidi. Oksijeni ikapungua polepole kwa miezi 16, na akili ikafifia bila kishindo. Mwezi huohuo wa Januari oksijeni iliingizwa kutoka nje, na nguvu za wakazi zikarejea upesi.

Katika vyumba vya kibiashara vya kukuzia mimea kwa taa, hatari imegeuka upande wa pili. Humo hewa ya ukaa huongezwa kwa makusudi. Chumba kilichozibwa na kujaa majani huimaliza hewa hiyo taa zikiwaka, na ikishuka chini ya sehemu 200 kwa milioni mimea mingi karibu husimama kukua. Kwa hiyo mkulima hufungulia mtungi au huwasha kichomeo cha gesi, akipandisha kiwango hadi sehemu 1,000 au 1,500. Kiasi hicho chenyewe hakimdhuru mfanyakazi mwenye afya. Darasa lenye madirisha yaliyofungwa hukifikia bila mtungi wowote. Nchini Marekani kikomo cha wafanyakazi ni wastani wa sehemu 5,000 kwa zamu ya saa nane, na sehemu 40,000 huhesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Balaa huja vali inapokwama, mpira wa gesi unapopasuka, au mtungi unapoachwa wazi taa zikiwa zimezimwa na mimea haitumii kitu.

Wapo wanaodhani kwamba kipimo cha oksijeni kinatosha kuwalinda. Hesabu inawakanusha. Hewa ya ukaa ikiingia hadi kufikia asilimia 5 ya hewa ya chumba, oksijeni hushuka kutoka karibu asilimia 21 hadi karibu asilimia 20 tu. Kipimo kilichotegwa kulia kwenye asilimia 19.5 kitakaa kimya, ilhali kiwango cha hatari ya papo hapo kimekwisha kupitwa. Kila gesi yahitaji kipimo chake. Palipo na kichomeo, pawepo pia kipimo cha kaboni monoksaidi, ile sumu ya jiko la mkaa, kwani mwali usiopata hewa ya kutosha huitoa.

Hewa ya ukaa haina rangi, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutuama mabondeni na mashimoni. Wakazi wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanalijua jambo hili kwa jina la mazuku: mabonde ambamo gesi itokayo ardhini hujikusanya, hasa upepo unapotulia, na kuua mifugo na wakati mwingine watu. Katika chumba cha mimea, shimo la pampu au pembe ya chini nyuma ya meza laweza kuwa mazuku madogo. Kipimo kimoja kiwekwe chini, kingine kwenye kimo cha pua ya mtu, na kioo cha kusomea namba kiwe nje ya mlango, ili anayeingia asome kabla ya kuvuta pumzi ya kwanza ya humo. Na akionekana mwenzake ameanguka ndani, asimkimbilie. Afunge mtungi ikiwa vali yake iko nje, afungue mlango, awashe feni ya kutolea hewa na aite waokoaji wenye vifaa vya kupumulia, kwa maana mara nyingi katika ajali za namna hii anayefuata kufa ni yule aliyeingia kuokoa.