Maradhi ya Nyanya za Bustani ya Nyumbani

Mche wa nyanya ukinyauka ghafla ungali kijani, na udongo una unyevu wa kutosha, wa kwanza kushukiwa ni mnyauko bakteria. Bakteria wake, Ralstonia solanacearum, hukaa udongoni, huingia kupitia majeraha ya mizizi, kisha huziba mirija inayopandisha maji. Kipimo chake hakihitaji maabara. Shina hukatwa karibu na ardhi, kipande kikaning'inizwa ndani ya glasi ya maji safi bila kutikiswa. Baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa huteremka kutoka kwenye mkato, nao ni bakteria wenyewe wakitoka. Uzi usipoonekana, na majani yalianza kugeuka manjano upande mmoja wa mmea, mshukiwa ni mnyauko wa fuzari, ambao ni wa kuvu. Mizizi yenye vinundu ni dalili ya minyoo fundo.

Hakuna dawa ya kupuliza inayoponya mnyauko bakteria, na fedha nyingi za wakulima hupotelea hapo. Mmea ulioshikwa hung'olewa na mizizi yake na kuchomwa moto. Usitupwe kwenye mboji. Jembe lioshwe kabla ya kuhamia tuta jingine. Mahali hapo pakae walau miaka mitatu bila nyanya, viazi mviringo, biringanya, nyanya chungu, pilipili wala tumbaku, maana mimea hiyo yote ni ya ukoo mmoja. Mahindi au mtama yanafaa. Mkoa wa Kagera umeteswa sana na mnyauko wa migomba, lakini ule hutokana na bakteria mwingine, wa kundi la Xanthomonas. Mgomba mgonjwa hauambukizi nyanya iliyo chini yake.

Katika miinuko ya Ngara, mkoani Kagera, Lukole ikiwamo, mvua za vuli na za masika huja na adui mwingine: bakajani chelewa. Hupenda baridi na majani yaliyolowa. Mabaka ya kijani kilichoiva hujitokeza kama yamelowa maji, yakageuka kahawia haraka, na alfajiri ukungu mweupe huonekana upande wa chini wa jani. Bustani nzima inaweza kuteketea ndani ya siku chache. Kimelea hicho hicho ndicho kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia 1845, kwa hiyo si busara kupanda nyanya kando ya viazi mviringo. Bakajani tangulia ni tofauti: huanzia majani ya chini yaliyozeeka, na baka lake lina duara ndani ya duara. Huenda polepole, na mara nyingi kuondoa majani hayo mapema huupunguza ugonjwa.

Si kila doa ni ugonjwa wa kuambukiza. Tunda linalooza kitako, likawa jeusi na bapa, limekosa kalsiamu, na kwa kawaida sababu ni umwagiliaji wa kusuasua. Mabaka mapana yenye weupe ndani ya jani ni kazi ya kiwavi wa kantangaze, aliyethibitishwa nchini Tanzania mwaka 2014. Lakini majani madogo yaliyojikunja juu yakawa manjano kingoni ni virusi vinavyosambazwa na inzi weupe.

Kinga huanzia kitaluni. Mbegu zitoke kwa muuzaji anayeaminika; Tengeru 97, kwa mfano, huhimili fuzari na minyoo fundo. Miche ipewe nafasi, isimikiwe miti, udongo ufunikwe kwa matandazo ili matone ya mvua yasirushe vimelea majanini. Maji yamwagwe asubuhi, kwenye shina.

Dawa ya ukungu yenye mankozebu au shaba hulinda jani lisiloshikwa bado, haifufui lililooza. Inunuliwe iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ipulizwe kwa kipimo cha kwenye kibandiko. Kibandiko hicho hutaja pia siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Nyanya iliyopuliziwa isichumwe, hata kwa kachumbari ya nyumbani, kabla siku hizo hazijatimia.