Usiung'oe mhina wa nyumbani kabla ya kuukwaruza

Umetoka uani asubuhi, ukautazama mhina wa nyanya, ukavunjika moyo. Matawi yamekauka kama kuni. Jani hata moja hakuna. Mama amesema uung'oe, jirani anautaka wa kupikia, na panga liko mkononi. Hebu tulia kwanza. Huenda unataka kuzika kitu ambacho hakijafa.

Sisi wa Garissa hatuhitaji kuelezwa ukame ni nini. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mapema 2023, misimu mitano mfululizo mvua haikunyesha vya kutosha. Kisha mwishoni mwa 2023 zikaja mvua za El Nino, na Aprili 2024 Mto Tana ukafurika tena. Na hata mwaka ukiwa wa kawaida, Jilaal, kile kiangazi cha Januari hadi Machi, hakina huruma. Binamu yako aliye Minneapolis akikuambia maua yake yameuawa na theluji, mwambie sisi huku hayo hufanywa na jua.

Sasa sikiliza. Mmea ukikosa maji huangusha majani makusudi, maana majani ndiyo yanayopoteza maji mengi. Uhai hubaki kwenye shina na mizizi. Si unajua mathenge? Unaikata leo, mvua ikinyesha unaikuta imechipuka tena kama inakucheka. Mhina nao huchipuka ukikatwa, ila wenyewe unahitaji kusaidiwa kidogo.

Anza kwa kukwaruza. Chukua kisu, au hata kucha, utoe ganda kidogo kwenye ncha ya tawi. Ukiona kijani chenye unyevu, tawi liko hai. Ukiona kahawia na ukavu, shuka chini kidogo ukwaruze tena, hadi ufike kwenye shina karibu na udongo. Mimea mingi ambayo watu huing'oa imekufa juu tu.

Ukishajua mpaka wa uhai uko wapi, ngoja. Usikate jua likiwa kali. Subiri mvua za Gu zikaribie, kisha kata sehemu iliyokufa hadi ufike penye kijani, juu kidogo ya jicho la tawi. Tumia kisu au makasi makali, maana panga butu hupasua shina. Kama juu kote kumekufa, acha kisiki cha urefu wa kiganja.

Maji je? Najua maji ya mkokoteni wa punda hununuliwa, na hakuna atakayekuelewa ukimwaga mtungi mzima kwenye kijiti kikavu. Basi tumia maji ya udhu. Nyumba yenye watu watano hutawadha mara nyingi kwa siku, na maji hayo ni safi, hayana sabuni. Chimba mfereji mdogo uyapeleke hadi kwenye shina, au yakinge kwenye beseni. Ya kufulia yenye jiki usiyatumie.

Tengeneza kibwawa kuzunguka shina, umwagilie polepole jioni hadi maji yazame chini. Kikombe kimoja kila siku hulowesha vumbi la juu tu, na mizizi iko chini. Kabla ya kumwagilia tena, ingiza kidole kwenye udongo. Ukikuta unyevu, acha. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo ili jua lisiyanyonye maji, lakini zisiguse shina.

Kama mmea wako uliharibiwa na mafuriko, mambo ni kinyume. Hapo usiongeze maji. Ondoa matope yaliyorundikana kwenye shina na ufungue njia ya maji yaliyotuama, kwa sababu mizizi huhitaji hewa pia.

Samadi ya mbuzi isubiri. Ikiwa mbichi huunguza mizizi, na mmea dhaifu hauhitaji kulazimishwa. Weka iliyooza vizuri baada ya machipukizi kutoka. Mbuzi wenyewe ndio hatari kubwa zaidi. Chipukizi la wiki mbili kwao ni peremende! Zungushia miiba siku hiyo hiyo unapokata.

Halafu kuna mtihani mgumu kuliko yote. Majani mapya yatatoka, na Idi au harusi itakuwa inakaribia. Dada zako watakuja na bakuli, shangazi naye atasema anataka kidogo tu ya mikono. Kataa kwa heshima. Majani ndiyo jiko la mmea, hapo ndipo unapojipikia chakula chake. Ukiyachuma mapema, umeunyang'anya nguvu aliyokuwa anaitafuta nyanya yako ilipokuwa haionekani. Mwaka huu nunueni hina ya unga sokoni. Mwakani mtachuma.

Upe mmea misimu miwili, Gu na Deyr. Usipochipuka hadi Deyr iishe, na ukikwaruza hadi chini hupati kijani, hapo unaweza kuung'oa bila kujilaumu. Tafuta jirani mwenye mhina hai, umwombe kijiti kinene kama penseli, ukipande mvua zikianza. Mhina huota kwa kijiti.

Lakini hiyo ni baadaye. Leo weka panga chini, chukua kisu kidogo, utoke uani ukwaruze. Mama akikuuliza unafanya nini, mwonyeshe kijani.