Kutengeneza Viti vya Ngozi vya Motokaa Nyumbani

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Neno hilo lilisemwa kwa ajili ya nyumba, lakini lawafaa sana wenye motokaa zenye viti vya ngozi. Ufa mwembamba kama unywele, ukiachwa, hugeuka mpasuko. Na mpasuko ukikaliwa kila siku huwa tundu la kupitisha mkono. Hapo mwenye gari hana budi kumlipa fundi akivike kiti ngozi mpya, na gharama yake si haba. Leo tutazungumza habari ya kazi ambayo mtu aweza kuifanya mwenyewe kivulini mwa nyumba yake, na ya kazi ambayo haimpasi kuigusa.

Kwanza tujue ngozi ni kitu gani. Ni nyuzi nyingi ndogo sana zilizosukana. Ngozi mbichi huoza, kwa hiyo hutiwa dawa ili idumu. Zamani dawa hiyo ilitoka katika magamba ya miti, kama mikoko ya pwani ya Afrika Mashariki na miwati ya nyanda za juu za Kenya. Siku hizi ngozi nyingi hutengenezwa kwa chumvi ya madini ya kromi. Kisha hutiwa mafuta, ili nyuzi ziteleze zinapokunjwa. Jua likipiga kiooni mwaka hata mwaka, ngozi hukauka, na mtu akikaa, nyuzi hukatika. Huo ndio ufa.

Tena, si kila kiti king'aacho ni cha ngozi. Tafuta ukingo chini ya kiti, utazame upande wa ndani. Ukiona nyuzi laini zisizo na mpango, hiyo ni ngozi. Ukiona nyuzi zilizofumwa, hiyo ni nguo iliyopakwa plastiki, wala mafuta ya ngozi hayaifai kitu.

Sasa tuanze na nyufa. Watu wengi hupaka mafuta wakidhani ufa utajifunga. Sivyo, nyuzi zilizokatika haziungani tena. Futa kiti kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo, usikiloweshe, kisha ukiache kikauke kabisa. Sugua ufa polepole kwa msasa laini. Twaa dawa ya kuzibia ngozi, ile ambayo hata ikikauka hukunjika, uipake kwa kisu butu, nyembamba sana. Ikikauka, paka tena. Mara tano nyembamba ni bora kuliko mara moja nene, kwa sababu iliyo nene hupasuka upesi. Ufa ukijaa, lainisha kwa msasa, kisha paka rangi ya ngozi, ukiijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Usitumie rangi ya viatu, maana itahamia katika nguo za abiria.

Mpasuko una kanuni moja kubwa: kiraka hukaa chini, si juu. Kiraka cha juu hubanduka kila mtu aingiapo na atokapo. Kata kipande cha turubai jembamba au cha ngozi laini, kiuzidi mpasuko kwa sentimeta 2 kila upande, na pembe zake uziviringe zisijikunje. Kisukume ndani kwa kibano, ukinyoshe chini ya ngozi. Kwa kijiti chembamba, pitisha gundi laini ya ngozi kati ya kiraka na ngozi. Kutanisha kingo mbili za mpasuko pasipo kuzivuta, futa gundi iliyozidi, weka karatasi isiyoshika gundi, kisha ubao na kitu kizito, uache hata asubuhi. Mstari utakaobaki uzibe kama ulivyoziba ufa. Jihadhari na gundi ile ikaukayo mara moja ikawa ngumu kama kioo. Ukikaa itavunjika, na kingo zake zitaikata ngozi iliyo nzima.

Ikiwa ngozi ni nzima bali uzi tu umekatika, shona kwa mkono kwa sindano iliyopinda, ukipita katika matundu yale yale ya zamani. Ukitoboa mapya karibu karibu, ngozi itachanika kama stempu.

Lakini sikieni neno hili. Motokaa nyingi za siku hizi zina mfuko wa hewa ndani ya ubavu wa kiti, ulioandikwa AIRBAG au SRS. Gari likigongwa, mfuko huo hupasua mshono na kumkinga mtu kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Ukiushona mshono huo kwa uzi mwingine, au ukiutia gundi, waweza kuuzuia usifunguke, na aliyeketi hapo akaumia kwa sababu ya kazi yako nzuri. Mahali hapo usipaguse; mwachie fundi anayeijua kazi hiyo.

Baada ya kutengeneza, egesha gari kivulini, au funika kioo cha mbele, na kila juma futa vumbi, kwani mchanga husugua ngozi kama msasa. Basi, ukipata nafasi leo jioni, fungua mlango ukatazame viti vyako kabla ufa haujawa mpasuko.