Mzee na Pikipiki Yake

Miongoni mwa vitu vilivyoingia katika nyumba zetu bila ya kupiga hodi ni pikipiki. Zilienea sana vijijini mwetu baada ya mwaka 2000, zikawa kazi ya vijana, na hata leo kila azungumzapo mtu juu ya pikipiki humtaja kijana: mwendo wake, haraka yake na maafa yake. Walakini miaka haikusimama. Aliyenunua pikipiki yake ya kwanza naye yu mtu mzima wa miaka 45, leo amekwisha pita 60, na bado kila asubuhi huipiga teke ikawaka. Juu ya huyu hatusikii neno, wala nyumbani kwake hapasemwi neno mpaka siku aangukapo. Mwezi huu twapenda kuyasema yapasayo kusemwa kabla ya siku hiyo.

Tuchukue mfano wa Yaeda Chini, katika Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara. Bonde la Yaeda liko chini ya nyanda za juu za Mbulu, kusini ya Ziwa Eyasi. Ndani yake hukaa Wahadzabe waishio kwa kuwinda na kuchuma matunda ya porini, Wadatoga wenye mifugo yao, na Wairaqw walioteremka kutoka juu na majembe yao. Atokaye Mbulu hushuka mteremko mkali hata afike bondeni. Wakati wa kiangazi ni vumbi; wakati wa mvua sehemu za bonde hugeuka kinamasi, na tope hushika magurudumu yasizunguke. Atakaye hospitali kubwa huenda Haydom, kwenye hospitali iliyofunguliwa na Walutheri mwaka 1955, au hupanda mpaka Mbulu mjini.

Katika nchi kama hiyo pikipiki si anasa ya mzee. Ni miguu yake. Kwayo huenda kupimwa shinikizo la damu, huenda mnadani, hutazama shamba lililo mbali, huhudhuria mazishi, humzuru binti yake aliyeolewa kijiji cha pili, na akiwa Mwislamu huwahi swala ya Ijumaa palipo na msikiti. Basi wakosea wale wanaosema kwa wepesi, “Mzee amezeeka, anyang'anywe ufunguo.” Anyang'anywaye ufunguo asipewe kitu badala yake hufungiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mtu aliyekuwa akitafutwa kwa ushauri huwa mtu wa kukaa kivulini akihesabu wapitao. Dhuluma hii haionekani, kwa sababu hutendwa kwa jina la huruma.

Lakini wakosea vilevile wale wanaonyamaza kwa kuona haya. Mwili una sheria zake, nao haumjui mkubwa wala mdogo. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea kama theluthi moja tu ya mwanga upokelewao na jicho la kijana wa miaka 20. Ndiyo maana shimo ambalo mjukuu huliona mbali wakati wa jioni, babu huliona likiwa chini ya gurudumu. Shingo hukaza, ikawa taabu kugeuka kutazama nyuma. Mkono huchelewa kukamata breki. Na pikipiki hizi tuzijuazo zina uzito wa zaidi ya kilo 100: ikiegemea upande mmoja kwenye kokoto, ni goti na paja ndivyo viizuiavyo, na nguvu zake zikipungua mtu huanguka hata akiwa amesimama.

Tena kuanguka kwenyewe hakulingani. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walitoa hesabu walizozitazama za miaka 2001 hadi 2008. Waliona ya kwamba wapanda pikipiki wa miaka 60 na zaidi waliopata ajali walilazwa hospitali mara tatu kuliko wa miaka 20 na 30. Sababu ni kuwa mifupa imekuwa myepesi, kifua hakistahimili kishindo, na maradhi ya zamani kama sukari na moyo huchelewesha kupona. Mvunjiko ambao kwa kijana ni habari ya miezi michache, kwa mzee waweza kuwa ndio mwisho wa kutembea.

Basi tufuate njia ipi kati ya dhuluma na ukimya? Sisi twaona mizani isiwe idadi ya miaka. Wako wa miaka 70 walio imara na wa miaka 50 wasiofaa. Mzee ana hazina yake pia: hana haraka, hashindani na mtu, na mwenda pole hajikwai. Huko Uingereza leseni ya udereva humalizika mwenyewe afikapo miaka 70, kisha huomba upya kila miaka 3 na kueleza hali ya afya yake. Hafukuzwi barabarani, huambiwa ajitazame. Desturi hiyo twaweza kuifanya majumbani mwetu bila ya kungoja Serikali, na tena kila mwaka.

Kwanza, yatazamwe macho. Mtoto wa jicho huja polepole hata mwenyewe asijue, naye huweza kuondolewa kwa upasuaji. Pili, aulizwe tabibu juu ya dawa. Kwani ziko dawa za shinikizo la damu na za usingizi ziletazo kizunguzungu, na mgonjwa hawezi kuyajua hayo asipoambiwa. Tatu, aipime nguvu yake: aishushe pikipiki kwenye stendi, aisukume nyuma hatua chache na kuigeuza, injini ikiwa imezimwa. Akishindwa, ama atafute nyepesi na fupi zaidi, ama ajue kuwa wakati umefika. Nne, safari ya mzee iishe kabla ya magharibi, na siku ya tope asitoke. Mzigo usizidi ule awezao kuubeba yeye mwenyewe.

Tano ni mavazi, na hapa twasema na watu wa nyumba zetu khasa. Kanzu, kikoi na ncha ya buibui hunaswa na mnyororo au gurudumu, vikamvuta mtu chini. Mwanamume avae suruali ndani na kuikusanya kanzu yake vizuri. Mwanamke avae suruali pana chini ya vazi lake, apate kupanda kwa kupanua miguu pasina kuvunja heshima, kwa sababu kukaa upande huwa hakuna mshiko. Kofia ya kiua itiwe mfukoni mpaka mtu afike, kichwani ikae kofia ngumu, wala isivaliwe juu ya kilemba, maana haitashika. Uchunguzi uliokusanya tafiti nyingi na kutolewa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kofia ngumu hupunguza vifo kwa kiasi cha 42 katika 100, na majeraha ya kichwa kwa 69 katika 100. Hakuna dawa ya bei hiyo yenye faida kama hiyo.

Sita, asiache kutembea. Hapa bonde la Yaeda na nchi za kandokando ya Ziwa Eyasi zina somo. Watafiti waliowafunga Wahadzabe vipimo vya mapigo ya moyo walieleza mwaka 2017 kuwa watu hao hufanya kazi ya kutoa jasho zaidi ya saa 2 kila siku, na shinikizo la damu ni nadra kwao, wazee wao wakiwemo. Pikipiki humfikisha mtu upesi, lakini humwibia miguu ile ile anayoihitaji kuishikilia. Mzee apendaye kuendelea kupanda, na aende dukani kwa miguu.

Limebaki lililo zito, nalo ni namna ya kusema. Mtoto asimkabili baba yake mbele ya wageni, wala asiufiche ufunguo kama amfichiaye mtoto kisu. Na amwendee faraghani, amwamkie, amwambie: “Baba, juma lijalo twende hospitali tukapimwe macho, mimi nawe.” Neno “mimi nawe” lina nguvu kuliko hoja kumi. Naye mzee asingoje kuambiwa. Yeye ndiye ajuaye mara ngapi mwezi huu amekosea kona au ameshtushwa na ng'ombe ambaye hakumwona. Heshima yake itazidi akisema mwenyewe, “Leo nipeleke wewe,” kuliko akiletwa amebebwa.

Na siku atakapohamia kiti cha nyuma, wajibu wahamia kwa watoto. Apelekwe na mtu mmoja anayemjua, mwenye leseni na mwendo wa adabu. Asifanywe mshikaki kati ya abiria wengine. Naye avae kofia ngumu yake mwenyewe. Nauli ya bodaboda itengwe mwanzoni mwa mwezi kama inavyotengwa bei ya unga, ili mzee asiwe mwenye kuomba kila atakapo kwenda kliniki au kumtazama rafiki mgonjwa. Na akitaka kwenda mahali pasipo na haja kubwa, kuonana na watu tu, apelekwe vilevile. Maana hiyo ndiyo iliyokuwa faida ya pikipiki yake.

Watu wa nyumbani wamfanyie hesabu mzee wao leo: wiki iliyopita alikwenda mara ngapi, na wapi? Ufunguo utakapopokewa mkononi mwake, safari hizo zisipungue hata moja.