Nani anamfundisha kazi wakili chipukizi?

OKTOBA 2022 matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania yaliwashtua wengi. Kati ya wanafunzi 633 waliofanya mitihani, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk Harrison Mwakyembe kuchunguza kulikoni.

Mjadala wa mitihani ni muhimu, lakini mteja ana swali lake: huyo aliyefaulu na kuapishwa, nani anamwonyesha kazi?

Chukua mkulima anayenunua ekari 20. Wakili kijana anamwandalia mkataba wa mauziano, lugha imenyooka, mashahidi wapo, mhuri umegongwa. Mzoefu angeusukuma pembeni kwanza na kuuliza: muuzaji ana mke? Ameridhia? Ardhi ni ya kijiji? Halmashauri ya kijiji imeidhinisha? Mambo hayo yamo katika Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, na kijana aliyasoma chuoni. Kuyakumbuka wakati mteja amekaa mbele yake na fedha mkononi ndiko kunakohitaji mtu wa kumkumbusha. La sivyo, mkulima atayajua siku anapoletewa wito wa mahakama, fedha zikiwa zimekwisha kuliwa.

Kenya, kabla ya kuapishwa, mhitimu hukaa miezi sita chini ya wakili mwenye uzoefu usiopungua miaka mitano. Lakini kukaa ofisini siyo kufundishwa. Kijana anayetumwa kila siku kuomba kesi iahirishwe atakuwa bingwa wa kuahirisha kesi, basi.

Baadhi ya wakubwa huona kumfundisha kijana ni kumlea mshindani, kesho afungue ofisi yake na kuondoka na wateja. Hofu hiyo si ya bure, hutokea. Ila ofisi ya mtu mmoja nayo ina hasara yake: mwenyewe akilazwa hospitali, mafaili yote yanalala naye.

Tena siku hizi mwanafunzi ana la kumfundisha bwana mkubwa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, wapo mawakili wakongwe, waliozoea kuandika hati za madai kwa Kiingereza tangu ujana wao, wanaompelekea kijana rasimu aipitie kabla haijasajiliwa.