Aliyepanga Foleni Hahitaji Kuhamasishwa

Swali hili nimeulizwa redioni, nimeulizwa na wanafunzi, na Jumamosi iliyopita nimeulizwa harusini na shemeji yangu, mikono yetu ikiwa kwenye sinia moja la pilau: "Hao Weusi wa Marekani wamepewa wiki mbili nzima za kupiga kura, na bado hawaendi. Si uvivu huo, shemeji?" Wenye adabu zaidi hulivisha koti. Husema tatizo ni mwamko mdogo, na dawa yake ni elimu ya mpiga kura. Swali ni lile lile. Nimelijibu kwa upole mara nyingi mno, na leo nalijibu kwa tarakimu.

Kwanza neno moja kwa wasomaji wa Unguja na Pemba. Kwenu kura ya mapema ni ile ya askari na watendaji wa uchaguzi, siku moja kabla ya wengine, na ugomvi wake mnaujua. Ya Marekani ni jambo jingine. Katika majimbo mengi, yeyote aliyemo kwenye daftari huingia kituoni siku kadhaa, pengine wiki kadhaa, kabla ya Jumanne ya uchaguzi, akapiga kura na kurudi kwenye shughuli zake. Jumanne hiyo iliwekwa kwa sheria ya 1845, enzi za mkulima na farasi wake, na mpaka leo si sikukuu ya taifa. Anayelipwa kwa saa akikosa zamu, ujira wa siku hiyo umekwenda. Ndiyo maana kura ya mapema kwake ni kitu kizito kuliko kwa mtu wa ofisini.

Sasa huo uvivu. Katika jimbo la North Carolina, mwaka 2008, asilimia 60 ya wapiga kura Weusi walipiga kura mapema, na Wazungu asilimia 44. Mwaka 2012 Weusi walifika asilimia 64, Wazungu 49. Takwimu hizi zimo ndani ya hukumu ya mahakama. Walioambiwa wavivu ndio waliotangulia kituoni, tena kwa tofauti kubwa.

Kilichofuata ndicho ninachotaka shemeji akielewe. Tarehe 25 Juni 2013, Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyotoka Shelby County, Alabama, ilifuta kanuni iliyoamua ni majimbo na kaunti zipi lazima ziombe kibali cha serikali kuu kabla ya kubadili taratibu za uchaguzi. Kibali hicho kilikuwa tunda la Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965, iliyopatikana baada ya watu kupigwa virungu daraja la Selma. Bunge la North Carolina halikukawia. Wabunge walikuwa wameshaagiza takwimu zinazoonyesha, kwa rangi, nani anapiga kura kwa njia gani. Takwimu zikaja, na kiangazi hicho hicho sheria ikapita: siku 17 za kura ya mapema zikawa 10, na ile nafasi ya kujiandikisha na kupiga kura siku hiyo hiyo ikafutwa. Julai 2016 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Nne iliibatilisha, ikisema vifungu vyake viliwalenga Weusi kwa usahihi unaokaribia ule wa kisu cha mpasuaji. Majaji walishangazwa hasa na utetezi wa jimbo lenyewe kuhusu kura ya Jumapili, uliokiri kwamba kaunti zilizofungua vituo Jumapili zilikuwa na Weusi wengi kupita kiasi cha kawaida.

Mtu mvivu hatungiwi sheria ya kumzuia.

Jumapili ina kisa chake. Makanisa ya Weusi yana desturi ya kutoka ibadani moja kwa moja hadi kituoni: basi la kanisa linasubiri mlangoni, wazee wanapanda kwanza, kwaya inafuata. Mpango huo haukuhitaji mfadhili wala bango. Florida, mwaka 2011, ilipunguza kura ya mapema kutoka siku 14 hadi 8, na ikaiondoa Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi. Mwaka uliofuata Desiline Victor, bibi wa miaka 102 mzaliwa wa Haiti, alikwenda kupiga kura North Miami na kukuta foleni ya saa nyingi. Ilibidi arudi mara ya pili, jioni, ndipo akafanikiwa. Februari 2013 alikaa bungeni Washington kama mgeni, Rais Obama akamtaja katika hotuba yake, na wabunge wakasimama kumpigia makofi. Anayeleta hoja ya mwamko anieleze bibi huyu alipungukiwa na somo gani.

Au tuzungumzie Guilford, kaunti ya mji wa Greensboro, North Carolina, ambako Februari 1960 vijana wanne Weusi walikaa kwenye kaunta ya chakula ya Wazungu na kukataa kuondoka. Kaunti ina watu zaidi ya nusu milioni. Mwaka 2012, wiki ya kwanza ya kura ya mapema, ilifungua vituo 16. Mwaka 2016, wiki hiyo hiyo, ilifungua kimoja. Kwenye karatasi siku za kupiga kura zilikuwepo, tena mahakama ilikuwa imeshazirudisha. Hapo ndipo wengi wanapodanganyika: wanahesabu siku zilizotangazwa, hawahesabu milango iliyofunguliwa, wala hawaulizi basi la abiria linapita mlango upi. Kaya za Weusi zisizo na gari ni zaidi ya maradufu ya zile za Wazungu kwa uwiano. Mwendo wa dakika kumi kwa gari unaweza kuwa mabasi mawili, pamoja na nusu ya asubuhi kupotea, kwa mama mwenye watoto wawili na zamu inayoanza mchana.

Foleni yenyewe imepimwa. Watafiti wanne wa uchumi walitumia data za simu za mkononi za uchaguzi wa 2016 kuona watu walikaa vituoni muda gani. Wakazi wa mitaa ambayo yote ni ya Weusi walisubiri asilimia 29 zaidi ya wakazi wa mitaa ya Wazungu watupu, na uwezekano wa kukaa kituoni zaidi ya nusu saa ulikuwa juu kwa asilimia 74. Georgia, mwaka 2021, ilifanya kuwa kosa kumpa maji au chakula mtu aliye foleni ndani ya futi 150 za jengo la kituo. Sheria kama hiyo haitungwi mahali ambapo watu hawaji.

Ndiyo maana elimu ya mpiga kura, kama dawa ya ugonjwa huu, inanikera. Inamhamishia mgonjwa kosa la daktari. Ofisa aliyefunga vituo kumi na tano analala usingizi mzuri, huku mtu aliyesimama juani anagawiwa kipeperushi kinachomwambia kura yake ina thamani. Anajua, ndiyo maana amesimama. Niliwahi kukaa kwenye kikao cha wafadhili waliotenga fedha za fulana na kofia kwa mtaa ambao kituo chake kilikuwa kimehamishwa ng'ambo ya barabara kuu isiyo na kivuko. Niliomba fedha hizo zikodi ukumbi na mabasi. Fulana zilichapwa. Kutangaza kwamba kituo kimehama na saa zimebadilika ni lazima, lakini hilo ni tangazo, na ofisi iliyokihamisha ndiyo yenye wajibu wa kulitoa.

Tena shemeji, hizo wiki mbili si za kila mahali. Mississippi, jimbo lenye uwiano mkubwa kuliko yote wa watu Weusi, halina kura ya mapema ya watu wote. Lazima utoe sababu inayokubalika kisheria. Alabama vivyo hivyo. Ohio inayo, lakini kwa kituo kimoja tu kila kaunti. Vinton yenye watu wapatao 13,000 ina kimoja, na Cuyahoga, yenye jiji la Cleveland na watu zaidi ya milioni moja, ina kimoja. Huo ndio usawa wao.

Yanayofaa, kwa haraka. Vituo viwekwe panapofikika kwa basi au treni: Atlanta mwaka 2020 iligeuza uwanja wa mpira wa kikapu wa State Farm Arena kuwa kituo, na treni inasimama hapo hapo. Jumapili irudi, na jioni vituo vikae wazi hadi wa zamu ya mchana watoke. Mabasi ya kupigia kura yaruhusiwe. Kaunti ya Fulton ilinunua mawili, kisha sheria ya 2021 ikayafungia mpaka gavana atangaze dharura. Kujiandikisha siku hiyo hiyo kuambatane na kura ya mapema, kwa kuwa utafiti wa wanazuoni wa Wisconsin wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kura ya mapema peke yake haiongezi wapiga kura. Wanaonufaika zaidi ni waliokuwa wapige kura hata hivyo. Vyuo vya Weusi vipate vituo: Prairie View, Texas, wanafunzi walifungua kesi Oktoba 2018 kwa sababu wiki ya kwanza chuo chao hakikupangiwa hata saa moja, na kaunti ikaongeza saa. Kwa Waswahili wenye uraia mlioko Houston: kwa kawaida kura ya mapema hupigwa kituo chochote kilichofunguliwa ndani ya kaunti yenu, si kile cha mtaani tu, kwa hiyo tafuteni chenye foleni fupi. Asiye raia asijiandikishe kabisa, hata akiwa na kadi ya ukaazi wa kudumu, kwani anaweza kufukuzwa nchini.

Na nendeni kwenye vikao vya bodi ya uchaguzi ya kaunti. Huko ndiko orodha ya vituo inakopitishwa, miezi kadhaa kabla, mara nyingi mbele ya viti vitupu. Agosti 2018, kaunti ya Randolph, Georgia, yenye Weusi wengi, ilipendekezewa kufunga vituo saba kati ya tisa. Wakazi walijaza vikao, wakauliza mzee asiye na gari atafikaje kituoni. Tarehe 24 bodi ilikutana na kulikataa pendekezo. Kikao hakikufika hata dakika moja.